Jike wa Kijivu Aliyelipiwa Kabla Hajazaliwa

Mzozo wenyewe ni wa shilingi 10,000, na kiini chake ni ujumbe mmoja wa WhatsApp: "Pesa imeingia mwalimu, asante sana. Yako ni jike, ya kijivu. Usiwe na wasi." Uliandikwa Nakuru tarehe 3 Aprili, ukasomwa Kisumu dakika hiyo hiyo. Paka aliyeahidiwa hakuwa amezaliwa. Mama yake alikuwa amepandwa wiki moja tu nyuma, na hakuna aliyejua kama ameshika mimba au la.

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Kisumu. Mwalimu aliyelipa ni mteja wangu wa siku nyingi. Mama mfugaji wa Nakuru nilimfahamu kwa simu kisa kilipofika kwangu. Wote wawili waliniomba nisome mazungumzo yao kuanzia salamu ya kwanza, kisha niwaambie ninavyoona. Wamekubali nikieleze kisa chao bila majina. Nimekubali kukiandika kwa sababu pesa za namna hii nimeziona zikigombaniwa mara nyingi mno, na karibu kila mara watu huanza kwa kutafuta mwizi. Katika kisa hiki sikuona mwizi. Hata hivyo nilimwambia mfugaji arudishe pesa zote, bila kukata hata senti.

Mwalimu anaishi Mamboleo. Binti yake, aliye gredi ya tano, alikuwa ameomba kwa muda mrefu paka wa Kiajemi, wale wenye manyoya marefu na pua fupi, na alimtaka jike wa kijivu. Mfugaji ni muuguzi mstaafu anayeishi upande wa Lanet. Ana majike wawili na dume mmoja, anawafuga ndani ya nyumba, na kwa picha nilizoziona anawatunza vizuri kuliko wengi wanaouza paka hapa nchini. Bei ilikuwa sh 25,000: arbuni ya 10,000 mara moja, na 15,000 zilizobaki siku ya kumchukua mtoto wa paka. Pesa ilitumwa kwa M-Pesa kwenye namba yake binafsi. Hapakuwa na karatasi yoyote. Niliyasoma mazungumzo ya kabla ya malipo nikitafuta mahali paliposemwa pesa hiyo itakuwaje iwapo jike wa kijivu hatazaliwa, na sikupaona. Kuna bei, kuna picha ya paka mama akiwa amelala juu ya kochi, kuna "mwezi wa saba utakuwa naye nyumbani", basi.

Paka alizaa tarehe 31 Mei. Walitoka wanne, mmoja akafa siku hiyo. Waliobaki walikuwa wawili wa mabaka na mmoja wa kijivu. Siku mbili baadaye mfugaji alituma picha ya yule wa kijivu akiwa kwenye kiganja cha mkono, na maneno: "Mtoto wako huyu hapa." Mwalimu alimwonyesha bintiye, na jina likapatikana jioni hiyo. Aliitwa Wingu. Picha ziliendelea kuja kila baada ya siku chache, na katika zote Wingu ni jike.

Tarehe 11 Julai mambo yakageuka. "Mwalimu pole sana, yule wa kijivu nimemwangalia vizuri leo nimepata ni dume. Huyo ni wa mzee mmoja wa hapa Nakuru alilipa kabla yako na alitaka dume. Wewe nikuwekee huyu wa mabaka, ni jike na ni mrembo kweli." Jibu la mwalimu lilikuwa fupi: "Mama, umeuza paka wa mtoto wangu." Akadai pesa yake. Kesho yake mfugaji akaandika: "Dipositi hairudishwi mwalimu. Kila mfugaji anajua hivyo."

Nimeitazama sana tarehe ya ujumbe huo wa mwisho, 12 Julai. Ndiyo mara ya kwanza neno "hairudishwi" kutokea katika mazungumzo yote, miezi mitatu na zaidi baada ya pesa kutumwa.

Mwalimu aliponijia alikuwa na hakika ya jambo moja: kwamba mzee wa Nakuru ameongeza bei, na kwamba hadithi ya dume ilitungwa ili Wingu abadilishwe mikono. Sikumkatiza. Nilimwomba tu mfugaji anitumie picha ya baba wa watoto. Picha ilikuja: dume mkubwa, rangi ya chungwa kuanzia kichwani hadi mkiani. Hapo sehemu kubwa ya mzozo ilijibika yenyewe.

Jeni inayompa paka rangi ya chungwa imekaa kwenye kromosomu ya X, mojawapo ya zile zinazoamua jinsia. Dume ana X moja tu, na huipata kwa mama yake. Jike ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba. Dume wa chungwa, kama huyu wa Lanet, ana X moja iliyobeba chungwa, na kila binti yake atairithi hiyo hiyo kwa kuwa hana nyingine ya kumpa. Mama wa kijivu kwa upande wake hana chungwa kwenye X zake zote mbili. Kwa hiyo kila binti wa wawili hawa huzaliwa na X moja ya chungwa na moja isiyo ya chungwa. Mwilini mwa jike kila seli huzima X moja, hapa hii, pale ile, na ngozi hutoka na mabaka: chungwa na nyeusi, au zikiwa zimefifia, krimu na kijivu. Wana wa kiume huchukua X ya mama, kwa hiyo hawapati chungwa kabisa. Wao huwa weusi, au wa kijivu ikiwa baba naye amebeba kwa siri jeni ya kufifisha rangi.

Sasa rudi kwenye kikapu cha Lanet: wawili wa mabaka, majike, mmoja wa kijivu, dume. Ndivyo hasa ilivyopaswa kuwa. Kwa baba yule na mama yule, jike wa kijivu mtupu hakuwa na njia ya kuzaliwa. Angeweza kutokea tu kama dume mwingine aliingia nyumbani katika siku zile zile, kwa sababu paka hupevusha mayai kwa kupandwa, na uzazi mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Lakini hapo mwalimu angekuwa anamlipia sh 25,000 mtoto wa paka ambaye nusu yake ni ya paka wa mitaani.

Hayo yanamsafisha mfugaji kwa shtaka zito. Wingu jike hakuuzwa kwa mtu, kwa kuwa hakuwahi kuwepo. Dume wa kijivu alimwendea mzee aliyelipa kwanza na kuomba dume, na zamu yake niliithibitisha kwa ujumbe wa M-Pesa ambao mfugaji alinionyesha. Kosa lake ni la kutambua jinsia, na kosa hilo ni la kawaida sana kwa paka wachanga. Siku za kwanza tofauti ni ndogo mno: kwa jike tundu mbili chini ya mkia zimekaribiana na ile ya chini ni kama mfereji mdogo uliosimama, kwa dume zimeachana, na katikati kuna nafasi ambamo korodani zitaonekana baadaye. Nimeona hata wenzangu wa kazi wakikosea. Ila mfugaji anayejua habari ya X asingehitaji kuinua mkia. Mtoto wa kijivu, baba wa chungwa: ni dume. Angelijua hilo tarehe 31 Mei, na binti wa Mamboleo asingekaa wiki sita akimwita paka wa mtu mwingine kwa jina.

Upande wa pili wa picha ile ya baba haumfai mfugaji. Ahadi ya tarehe 3 Aprili haikuwa na njia ya kutimia tangu siku paka alipopandwa. Naamini kabisa hakujua. Lakini mnunuzi naye hangeweza kujua, na kati ya hao wawili anayewakutanisha jike na dume, kisha kutaja rangi na kupokea pesa, ndiye mwenye wajibu wa kujua dume wake anaweza kuzaa nini.

Tarehe nazo zilikuwa na tatizo, ingawa hakuna aliyelalamika juu yake. Mimba ya paka huchukua siku 63 hadi 67. Huyu alipandwa tarehe 27 Machi, akazaa siku ya 65, sawasawa. Ila "mwezi wa saba utakuwa naye" ilimaanisha mtoto wa wiki nne hadi wiki nane na kidogo. Mimi humwambia kila mteja asubiri wiki 12. Katika wiki hizo mtoto hujifunza kwa mama na ndugu zake asiume kwa nguvu, hujua sanduku la mchanga, na hupata walau chanjo mbili za mwanzo. Chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Wiki 12 za watoto hawa zilikuwa zinatimia tarehe 23 Agosti, likizo ikiwa inaisha. Kumtia mtoto wa wiki sita kwenye boksi, umpandishe matatu ya Nakuru, apite baridi ya Mau Summit, ashuke Kericho na Ahero mpaka joto la Kisumu, ni kumtafutia ugonjwa. Nasema hivi nikiwa nimewapokea mezani kwangu walioletwa kwa njia hiyo, na si wote walioondoka wakiwa hai.

Kuna pia swali la siku ya kuchukua pesa. Tarehe 3 Aprili hapakuwa na mtu wala mashine ambayo ingeonyesha mimba. Kwa skani mimba ya paka huonekana kuanzia wiki ya tatu kuelekea ya nne, yaani hapa ni mwisho wa Aprili. Kuhesabu watoto kwa eksirei hufaa kuanzia kama siku ya 45, yaani katikati ya Mei. Tena paka aliyepandwa bila kushika anaweza kukaa siku zipatazo 40 akiwa na dalili za mimba isiyokuwepo. Hata hivyo, kufikia katikati ya Aprili mfugaji alikuwa amepokea arbuni za watu watatu, jumla sh 30,000, kwa paka anayezaa mara ya kwanza na ambaye hajapimwa. Paka kwa kawaida huzaa watatu hadi watano, na uzazi wa kwanza mara nyingi huwa na wachache. Angezaa wawili, mmoja wa wateja angekuwa amelipia hewa.

Nimefika kwenye swali ambalo wote wawili walidhani wana jibu lake: zile 10,000 zilinunua nini? Mwalimu alidhani amenunua paka. Mfugaji, ukimsikiliza mwezi wa saba, alidhani ameuza zamu. Lakini mwezi wa nne hakuandika "umeshika zamu ya pili". Aliandika "yako ni jike, ya kijivu". Mtu hupimwa kwa alichoandika siku alipopokea pesa.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inamhesabu mnyama kuwa bidhaa, jambo linalomuuma kila mpenda paka, lakini katika kisa kama hiki linasaidia. Sheria hiyo inaruhusu watu kuafikiana juu ya bidhaa ambayo bado haipo, hata ile ambayo kupatikana kwake kunategemea jambo linaloweza kutokea au kutotokea. Mapatano hayo ni ahadi ya kuuza. Mali yenyewe haijahama. Ndiyo maana neno "umeuza paka wa mtoto wangu" halikusimama. Sheria hiyo hiyo inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Maelezo hapa yalikuwa mawili tu, jinsia na rangi, na muuzaji hakuwa na mtoto anayelingana nayo. Mnunuzi alikuwa na haki ya kumkataa wa mabaka, na aliyekataa kwa haki hapotezi arbuni. Arbuni hupotea pale mnunuzi anapojitoa bila sababu. Mwalimu hakujitoa, alikuwa bado anamngoja Wingu.

Mfugaji alinieleza upande wake kwa simu ndefu, na nauandika hapa kwa heshima kwa sababu ni wa kweli. Pesa ilikuwa imekwisha kutumika: chakula cha paka mwenye mimba, dawa ya minyoo, na daktari aliyeitwa usiku wa kuzaa yule wa nne alipokwama. Zaidi ya hilo, kuna watu wanaoweka nafasi kisha wanazima simu, na yeye anabaki na paka wa miezi mitano ambaye bei imeshashuka na chakula kimepanda. Hoja hii ya pili ni nzito, na ndiyo sababu ya arbuni kuwepo. Akibaki na pesa ya mtu aliyemtoroka, sina neno. Hoja ya kwanza siikubali. Gharama za mimba angezilipa hata kama mwalimu asingetuma kitu, na yule wa mabaka aliyekataliwa bado alikuwa mikononi mwake, mzima, wa kuuzwa.

Mwalimu naye nilimwambia yake. Alituma pesa bila kuomba picha ya baba. Hakuuliza chanjo, wala hakuuliza kama wazazi wamepimwa ugonjwa wa figo zenye uvimbe wa maji, ambao paka wa Kiajemi huurithi: mzazi mmoja mwenye jeni hiyo anatosha kumpa nusu ya watoto wake, na hupimwa kwa kusugua kijiti ndani ya shavu. Hakufikiria joto la Kisumu kwa paka mwenye koti zito na pua fupi inayompa shida ya kupumua. Mwezi wa saba alipokasirika alikimbilia kurudisha muamala wa M-Pesa, huduma iliyowekwa kwa pesa iliyokosea namba. Kwa pesa uliyomtumia mtu uliyemkusudia, haimalizi mzozo. Na hakutaka dume kwa sababu aliambiwa madume hukojolea kuta, wakati dume aliyehasiwa akiwa na miezi minne hadi sita mara nyingi hana tabia hiyo. Wa kijivu alikuwa ameshapata mwenyewe, kwa hiyo hilo halikubadilisha kitu, ila nilitaka alijue kwa safari nyingine.

Kama wangeshindwana, njia iliyobaki ilikuwa Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Mtu anaweza kujisemea bila wakili. Ushahidi wa mwalimu ungekuwa ujumbe wa M-Pesa, wenye jina, kiasi na tarehe, pamoja na mazungumzo ya WhatsApp yanayosema pesa ilikuwa ya nini. Ujumbe wa M-Pesa peke yake ungeonyesha tu kwamba mtu wa Kisumu alimtumia mtu wa Nakuru 10,000.

Hawakufika huko. Niliwaambia wote wawili maneno yale yale: pesa irudi yote, na neno la wizi liondolewe. Mfugaji alinyamaza siku kadhaa. Mwisho wa Julai akatuma 6,000, na katikati ya Agosti 4,000. Mwalimu aliandika, "Samahani mama kwa maneno niliyokuambia, nilikuwa na uchungu wa mtoto." Mtoto wa mabaka alinunuliwa na familia moja ya Eldoret kwa 22,000, akaondoka baada ya chanjo ya pili.

Jike yule yule atapandwa tena na dume yule yule, na mfugaji aliniomba nimsaidie kuandika ujumbe wa kumtumia kila mteja kabla ya kupokea pesa. Nauweka hapa jinsi anavyoutumia sasa:

"Skani ya tarehe … imeonyesha paka wangu ana mimba. Baba ni wa chungwa, mama ni wa kijivu: majike watakuwa wa mabaka, madume watakuwa weusi au wa kijivu. Idadi siwezi kuahidi. Ukituma sh 5,000 unashika zamu ya …, bado hujanunua paka. Zamu yako ikifika na uliyemtaka hayupo, utachagua: umchukue mwingine, ungoje uzazi ujao, au nikurudishie pesa yote ndani ya siku 14. Ukishachagua mtoto kisha ukajitoa, pesa inabaki kwangu. Mtoto ataondoka akiwa na wiki 12 na chanjo mbili. Kama umekubali, nijibu NIMEKUBALI kabla ya kutuma."

Tulibishana juu ya mambo mawili tu. Alitaka arbuni ibaki 10,000. Nilimwambia pesa ya zamu inapofika karibu nusu ya bei, mnunuzi yeyote atajiona ameshanunua, hata umwandikie nini. Jambo la pili lilikuwa zile siku 14. Alisema ni chache, kwa sababu pesa ikiingia huchanganyika na ya nyumbani, na kufikia siku ya kuzaa huwa haipo. Nikamjibu kwamba kama ni lazima itumike kabla watoto hawajaonekana, basi asiipokee mpaka wazaliwe. Siku 14 amezikubali, na pesa za zamu sasa anazipokea kwenye laini nyingine ya simu ambayo haiguswi kwa matumizi ya nyumba.